Wimbo wa Baba Ndani ya Nailoni

Alhamisi, 12 Februari

Wametangaza. Kila mwaka wakati huu hutangazwa santuri zitakazotoka kwa ajili ya ile Jumamosi moja ya Aprili, siku ya maduka madogo ya santuri. Hutolewa chache, zikiisha zimeisha. Kwa kawaida habari hizo huwa hazinihusu. Lakini leo Ged Marples, mwenye duka la santuri hapo mteremkoni, niliyesoma naye, alinipigia simu jikoni shuleni ninakopika, nikiwa na unga mpaka viwikoni.

"Lorna mpenzi, kaa chini. Wanoaji wamo."

Wanoaji ni bendi ya baba. Walikuwa wanne, wote wanoa visu wa karakana moja hapa Sheffield. Mwaka 1974 walirekodi nyimbo nne, kampuni ikafilisika kabla santuri haijatoka, na utepe wa kurekodia ukapotea. Baba ndiye aliyekuwa mwimbaji. Wenzake watatu wote tumeshawazika. Sasa jamaa mmoja wa Bristol ameukuta ule utepe kwenye dari la nyumba aliyoinunua, na anatoa nakala mia tatu basi.

Nilimwambia baba wakati wa chakula. Tangu Krismasi sauti yake imebaki mkwaruzo tu, na ile miale waliyompiga kooni hospitali kuua uvimbe haikumsaidia.

"Na 'Maji ya Gurudumu' imo?"

Imo, ya mwisho, upande wa pili. Ndio wimbo aliomtungia marehemu mama, na gurudumu ni lile jiwe lao la kunolea linalolowanishwa maji. Akauliza kama kuna chai iliyobaki.

Jumamosi, 14 Februari

Nimekwenda kwa Ged. Nilidhani ni suala la dakika mbili.

"Niwekee moja," nikamwambia.

"Siwezi."

"Ged, ni ya baba."

"Hata angekuwa baba yangu. Siku ile hakuna kuwekeana, hakuna oda, hakuna simu. Kila mtu nakala moja, na anayetangulia mlangoni ndiye anayetangulia kuchagua. Wanaoisimamia wakinikamata nimependelea mtu, mwakani sipewi kitu, na bila siku hiyo nafunga duka."

"Utaletewa ngapi?"

"Nimeomba kumi. Nitajua boksi likifika. Huenda mbili. Huenda hewa tupu."

Nikamwita mwoga mbele ya wateja wake. Kulikuwa na mwanamume mrefu wa koti la kijivu anapekua santuri, hakuinua hata macho. Alipoondoka Ged akaniambia yule ni Neville Tranter, kila mwaka ndiye wa kwanza kwenye foleni. Hununua, hupeleka nyumbani, wala haondoi ile nailoni ya kiwandani. "Anazifanyia nini?" nikauliza. Ged akapandisha mabega. Mimi ninajua anazifanyia nini. Anauza kwenye mtandao kwa bei ya kuumiza watu. Nimembatiza Bwana Nailoni.

Jumatatu, 23 Februari

Mvua. Viazi. Mvua.

Jumatano, 4 Machi

Yule jamaa wa Bristol amejibu. Anasikitika sana. Hakujua kama kuna mwanabendi aliye hai, na nakala zote zimeshaahidiwa maduka, hata yake mwenyewe. Nikamwomba basi anirekodie wimbo mmoja tu kwenye simu. Anasema utepe uko kiwandani Ujerumani, na mashine ya kuuchezea aliiazima akairudisha. Ana adabu nyingi, na hana msaada wowote.

Ijumaa, 20 Machi

Leo nimempeleka baba hospitali kwa daktari wake wa koo.

Daktari Okell hakuzunguka. Uvimbe umekua tena, na lazima waondoe zoloto lote, pale sauti inapotokea. Baba atapumulia tundu la shingoni, na sauti haitakuwepo tena. Watamfundisha namna nyingine ya kuzungumza, lakini itakuwa sauti ya namna nyingine, na kuimba ndiyo basi. Nafasi ipo tarehe kumi na nne Aprili.

"Ishirini na moja," akasema baba.

"Bwana Staniforth, hapa si sokoni."

"Jumamosi ya kumi na nane nina shughuli."

"Shughuli gani hiyo inayopita koo lako?"

"Nataka kuimba na kijana mmoja. Kisha kateni."

Daktari akanitazama mimi. Nikaeleza kuhusu santuri, na kwamba kijana huyo ni yeye mwenyewe wa mwaka 1974, huku nikiona aibu, maana kwa sauti ilisikika kama upuuzi. Yule mama daktari akavua miwani akaifuta. "Wiki moja," akasema. "Hata saa moja zaidi sitaki. Na uache kusema. Ukiendelea kupayuka hutabakiwa na sauti ya kumwimbia hata paka."

Ndani ya gari nilimtolea uvivu. Nikamwambia anacheza na maisha yake kwa ajili ya sahani ya plastiki, ambayo hata hatujui kama tutaipata. Aliniacha nimalize.

"Mwanangu, nimenoa visu toka nina miaka kumi na mitano. Vumbi la kila kisu limo humu kifuani. Nimewahi kuomba kitu?"

Nilikuwa na hasira naye, na bado ninayo. Lakini sasa kazi ni yangu. Nikiikosa santuri hiyo, atakuwa amehatarisha wiki nzima bure, na mimi ndiye nitakayeingia na mikono mitupu.

Jumapili, 22 Machi

Ameacha kusema. Amechukua kijiko cha chai na kukifanya ulimi. Kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Jumanne, 31 Machi

Theluji, mwezi huu! Imeyeyuka kabla ya saa sita. Nyumba kimya, kijiko tu.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Nimeoka kondoo. Nimemuuliza kama mchuzi ni mtamu kama wa mama. Mara mbili, bila hata kufikiri. Nilicheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimepita dukani kumwangalia Ged usoni, labda ataniambia kitu. Nikamkuta Bwana Nailoni kaegemea kaunta. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema, "Na Wanoaji, je?" Ged aliponiona akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Roho yangu iko juu tangu saa ile.

Jumatatu, 13 Aprili

Amekohoa usiku kucha. Leso ina damu. Nikamuuliza tupige simu hospitali tuwahi ile nafasi ya kesho. Mara mbili. Nikamuuliza tena. Mara mbili, kwa nguvu, mpaka kisahani kikapata ufa.

Jumatano, 15 Aprili

Boksi limefika kwa Ged. Nimeliona gari likishusha. Haruhusiwi kusema kilichomo. Aliniona nikija akavuka barabara, mtu mzima, na ndevu zake zote.

Ijumaa, 17 Aprili

Wakazi wa mtaa na Ged walikubaliana zamani kwamba hakuna kupanga foleni kabla ya saa kumi za alfajiri. Nitakuwa hapo saa kumi kamili. Baba amenyoa ndevu mapema na kutundika tai yake ya harusini kwenye kiti.

Jumamosi, 18 Aprili

Nitaandika yote, maana sijui la kufanya na mikono yangu.

Nilifika saa kumi kamili. Alikuwepo tayari, kakaa kwenye kigoda cha kukunja mbele kabisa ya mlango, chupa ya chai miguuni. Bwana Nailoni wa kwanza, mimi wa pili. Ikaanza kunyesha mvua ya mawe. Akanikaribisha chai nikakataa, ingawa meno yalikuwa yanagongana.

Kulipopambazuka foleni ilikuwa imepinda hadi kwenye duka la samaki. Kuna desturi yao ya kuulizana mmoja baada ya mwingine amefuata nini, ili watu wajue mapema nani atagongana na nani. Swali likapita kutoka nyuma kwenda mbele. Likanifikia, nikasema Wanoaji. Nikamgeukia yeye.

"Na wewe?"

"Hiyohiyo," akasema. "Wanoaji. Ya watu wa hapa. Lazima niwe nayo."

Basi sikujizuia tena. "Uwe nayo ya nini? Huisikilizi! Baba yangu ndiye anayeimba humo. Jumanne wanamtoa sauti, unanielewa? Wewe unakuja kununua koo la mtu ukaliuze!"

"Mimi siuzi," akasema.

"Basi unazila?"

Watu wakacheka. Masikio yake yakawa mekundu. "Pole sana kwa baba," akasema taratibu. "Lakini na mimi nimepanga foleni." Na hakuna mtu hata mmoja kwenye mstari mzima aliyeona kwamba amekosea. Wengine waliitikia kwa kichwa kumuunga mkono. Nilitamani kumpiga na chupa yake ya chai.

Saa mbili Ged akafungua. Nailoni akaingia, akanyoosha kidole, akapewa. Mimi nikaingia nyuma yake.

"Ged. Niambie."

"Zililetwa mbili, mpenzi," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimbusu juu ya kaunta huku foleni ikipiga miluzi.

Baba alikuwa amekaa kavaa tai. Nilimkabidhi. Akaigeuza mbele na nyuma, akasoma kwa macho jina lake: Wilf Staniforth, mwimbaji. Akatoa kisu chake cha mfukoni, kile cha mpini wa pembe alichokitengeneza mwenyewe, akachana nailoni kwa mstari mmoja ulionyooka. Akaweka upande wa pili, akashusha sindano kwenye wimbo wa mwisho, akasimama na mkono kifuani.

Ikalia kodiani. Kisha wanaume kama ishirini wakaanza kuimba Kijerumani.

Tulidhani tumekosea upande. Akageuza. Wajerumani. Lebo katikati ya santuri inasema Wanoaji, jalada linasema Wanoaji, na ndani ni wanaume wanaoimba kwa furaha kubwa juu ya nini sijui. Baba alisikiliza mpaka mwisho, labda akitumaini watanyamaza wampishe. Kisha akakaa, akagonga kijiko mara mbili, akakisukuma mbali.

Jumapili, 19 Aprili

Ged amefungua duka kwa ajili yangu tu. Nilikuwa nimejiandaa kumrukia, lakini uso wake ulikuwa umeshuka kuliko wangu. Amepiga simu Leeds, Manchester, Nottingham, kila duka analolijua. Zote zimenunuliwa, na nani kanunua hakuna ajuaye. Yule wa Bristol naye amethibitisha kwamba kiwanda kilichanganya kazi mbili. Baadhi ya nakala ni sahihi na baadhi ni za kwaya, na kwa nje hakuna tofauti. Mpaka ufungue.

"Iko moja tu ninayojua ilipo," Ged akasema.

"Usinitajie huyo mtu."

"Vaa koti, Lorna."

Alinipeleka mwenyewe, akabaki mtaani. Neville Tranter alinifungulia mlango kavaa soksi. Sebule yake yote ni rafu, sakafu hadi dari, na kila santuri inang'aa ndani ya nailoni yake. Hakuna hata moja aliyoiuza. Nikatafuta gramafoni kwa macho. Hakuna. Mtu huyu ana muziki wa nyumba nzima na hana cha kuupigia.

Nikamweleza. Akasikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika rafu.

"Hujui unaniomba nini," akasema. "Ikiwa imefungwa, kila kitu bado kimo ndani. Ukishafungua, basi. Inaweza kuwa mbaya. Inaweza kuwa hao Wajerumani wenu. Sasa hivi ni nzuri."

"Baba hana hiyo sasa hivi," nikamwambia. "Kesho kutwa wanamkata."

"Sijafungua hata moja tangu mke wangu aondoke."

Nilikuwa nimekuja na matusi tayari mdomoni, na nikajikuta sina pa kuyaweka. Sikuona mchuuzi. Niliona mtu anaogopa, kama ninavyoogopa mimi. Nikamwachia anwani yetu, nikamwomba msamaha kwa maneno ya kwenye foleni. Akafunga mlango polepole.

Jumatatu, 20 Aprili

Hakuja asubuhi. Hakuja mchana. Nilifungasha begi la baba la hospitali, nikalifungua, nikalifungasha tena. Baba hakuivua ile tai tangu juzi.

Saa kumi jioni mlango ukagongwa. Neville, kalowa chapachapa, koti kalivua kafunika nalo santuri.

"Sijaahidi kitu," akasema kabla sijamkaribisha.

Baba akainuka, akamtazama vizuri, akatoa kisu na kumpa kwa upande wa mpini. "Mimi?" Neville akauliza. Kijiko kikagonga mara moja.

Alichana kidogo kidogo, nikaogopa atajikata. Nailoni ilipofunguka aliinama akanusa ndani ya jalada, akafumba macho. Baba akaichukua, akaweka upande wa pili, akatafuta mstari wa mwisho kwa kidole, akashusha sindano. Nilishika ukingo wa sinki.

Kelele kidogo za vumbi. Gitaa. Kisha kijana akaanza kuimba. *Zunguka gurudumu, maji yako ya baridi, noa siku zangu zikate mpaka kwako.* Sauti safi, ya juu, haina mkwaruzo hata mmoja. Sikuwahi kuisikia sauti hiyo maishani mwangu, na niliijua papo hapo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiniita niamke niende shule. Neville alikaa kwenye ngazi. Mimi nililia bila kuficha.

Baba peke yake hakuimba. Tulingoja ubeti wa kwanza, wa pili. Alisimama tu na kichwa kainamisha, anasikiliza kama mtu anayekagua makali. Wimbo ukaisha, na hakufungua mdomo. Nikawaza kwamba sauti imekwenda, ameshaipoteza, tumechelewa.

"Turudie, mzee?" Neville akauliza.

Mara mbili. Akainua sindano, akazima gramafoni kabisa. Kisha akasema, mara ya kwanza tangu Machi, kwa kile kimkwaruzo chake: "Huyo kijana anakimbia mno. Anadhani wimbo utamtoroka."

Akauimba yeye. Bila gitaa, taratibu, kila neno akilishika kabla ya kuliachia. Palipokuwa na noti za juu alizipita chini, na pale sauti ilipokatika alingoja irudi, nasi tukangoja naye. Alipofika kwenye "mpaka kwako" alitazama kiti cha mama. Ulikuwa wimbo mwingine kabisa, na ulikuwa bora. Simu yangu ilikuwa mfukoni muda wote. Haikunijia hata akilini kurekodi.

Neville hakutaka kuichukua ile santuri. "Imeshafunguliwa, kwangu haina kazi," akasema, na pua inamvuja. "Nipe hiyo ya kwaya. Kosa la kiwanda nalo ni adimu, usidhani nimepata hasara." Baba akacheka bila sauti, akamsukumia kile kisu cha pembe akae nacho. Neville ni mtu wa hapa hapa, akajua la kufanya. Kisu hakipokelewi bure, urafiki usije ukakatika. Akajipapasa mifuko yote mpaka akapata senti moja, akaiweka kwenye kiganja cha baba.

"Zifungue, kijana," baba akamwambia. Neville ana miaka sitini na kitu.

Jumanne, 21 Aprili

Wamemwingiza chumba cha upasuaji saa moja asubuhi. Nilisubiri aniambie neno la kukaa nalo. Mlangoni akageuza kichwa, akaninong'oneza: "Umezima jiko?"

Jumatano, 22 Aprili

Yuko hai. Daktari Okell anasema wametoa uvimbe wote. Jiko nililizima.

Jumamosi, 2 Mei

Jua. Ged kaniambia Neville kanunua gramafoni dukani kwake. Kila Jumamosi anafungua moja, tena anamlazimisha Ged aende akasikilize. Ged anasema nyingi ni mbaya mno, na Neville mwenyewe anacheka mpaka anakohoa.

Jumapili, 10 Mei

Baba yuko nyumbani tangu juzi. Ana kitambaa shingoni, na pumzi yake inasikika ikitoka mahali ambapo bado sijapazoea. Amekonda. Hataki kunitazama sana.

Leo baada ya chakula akanyoosha kidole kwenye gramafoni. Nikaweka wimbo wake. Yule kijana akaanza kwa haraka yake, na kijiko kikagonga mara mbili. Nikadhani inamuuma, nikainua sindano.

Lakini aliendelea kugonga mezani, polepole, kwa mapigo yaleyale ya Jumatatu ile. Ni sisi watatu tu duniani tunaoyajua. Akaninyooshea kijiko.

"Mimi? Baba, mimi nikiimba majirani watahama."

Mara moja.

Nikasafisha koo. Nikaanza, na woga ukanifanya nikimbie, na kijiko kikanikatiza mara mbili. Nikaanza tena, nikiufuata mkono wake, neno baada ya neno, nikingoja pale alipongoja. Nilipofika mwisho sikuthubutu kumtazama. Nikabaki nimekodolea macho kisahani chenye ufa, nikingoja.

Kijiko kikagonga mara moja.